Thobias Chilewa na Nyimbo Arobaini Zisizo na Mwisho

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fabian, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Thobias Chilewa, na naomba mniwie radhi kwa sehemu ambazo sisi wenyewe hatukuzielewa.

Marehemu alizaliwa Mpwapwa tarehe 12 Machi 1947 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa karatasi za kazini zinasema 1949, na familia imefuata cheti cha ubatizo. Alisoma shule ya misheni hapohapo Mpwapwa kuanzia 1955 hadi 1962, akafundishwa tarumbeta katika bendi ya kanisa, na mwaka 1968 akaajiriwa Dodoma kama mchora ramani, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Dorothea, wakajaliwa watoto wawili, Aneth na Brighton.

Mwaka 1989, maduka ya mjini yalipoanza kujaa bidhaa za nje, alinunua redio kaseti dukani kwa Bwana Shaibu, akawa kila Jumapili jioni anarekodi kipindi cha jazi cha stesheni ya ng'ambo, nyimbo zile za zamani ambazo wapigaji wa jazi kila mahali wanazijua kwa kichwa, hata watu wasiofahamiana huweza kukutana na kuzipiga bila mazoezi. Sisi tuliozoea bendi za dansi tulikwenda uani kumsikiliza, tukasubiri mwimbaji aingie, hakuingia, tukarudi ndani.

Kwa miaka minne alijifunza nyimbo arobaini, akiwa na shabaha moja, kuitwa kupiga Jumamosi alasiri katika hoteli moja karibu na stesheni ya reli, ambako watumishi wa serikali, wanafunzi na wageni walikutana na vyombo vyao, na mwenye kuita wapigaji alikuwa Bwana Swalihu, mpiga gitaa la besi. Aliitwa tarehe 17 Julai 1993, akapiga vizuri, hadi wenzake wote waliponyamaza kwa pamoja naye akaendelea peke yake. "Mzee Chilewa," Bwana Swalihu akamwambia, "sisi tumeshashuka, wewe unaendelea mpaka stesheni ya Zuzu?" Ukumbi ukacheka. Hakujua hata wimbo mmoja unavyoisha, kwa sababu hakupenda sauti ya mtangazaji, na kila mtangazaji alipoanza kusema wimbo ukielekea kuisha, yeye alikatisha kurekodi.

Nyumbani alimwambia shemeji yetu Dorothea, "Mama Aneth, wale hawajui, ule wimbo hauishii pale," naye akajibiwa, "Uishie popote, Baba Aneth, chakula kinapoa." Kwa karibu miaka minne hakuitwa tena, ingawa kila Jumamosi alikwenda na tarumbeta, akakaa, akarudi. Tulimuuliza kwa nini haombi kuonyeshwa, akasema anatafuta mwenyewe, na alikuwa anatafuta wapi, hatukujua.

Novemba 1996 aliugua mapafu, na daktari akamkataza kupuliza. Februari 1997 Bwana Swalihu alikuja kumjulia hali, akakuta kaseti zile, akasikiliza tatu, siku ya pili akarudi na gitaa, wakaanza kupitia miisho mmoja mmoja, marehemu akiimba kwa mdomo tu.

Jumamosi tarehe 10 Mei aliitwa tena, naye akakubali licha ya katazo la daktari. Alipiga wimbo mmoja, na safari hii alinyamaza kabla ya wenzake, akashusha tarumbeta, akasimama akiwasikiliza wakimalizia. Bwana Swalihu anasema ndivyo walivyokubaliana, tarumbeta iwaachie wengine wamalize, na marehemu hakukosea. Shemeji Dorothea, aliyekaa meza ya mbele, anasema pumzi zilimwishia. Mwenyewe tulipomuuliza alicheka, akaomba maji. Familia imelizungumza jambo hili mara mbili tangu msiba utokee bila kuafikiana, ndiyo maana nimesoma yote mawili.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 3 Juni 1997, saa nne asubuhi, akaacha mjane na watoto wawili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ramani, Bwana Swalihu na wenzake, na majirani, ambao kwa miaka minane walivumilia nyimbo zilizokatika katikati.

Kaka Thobias, uliitwa mara ya pili na ukapanda jukwaani, hilo tuna hakika nalo. Upumzike kwa amani.