Mbilimbili na Glovu ya Juu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa kuvunja zege ambaye wenzake walimwita Mbilimbili. Jina hilo lilitoka mikononi mwake. Kwa miaka kumi na tisa alivaa glovu jozi mbili, nene juu ya nene. Jozi mbili. Lishikeni hilo.

"Mkono ni mali," alikuwa akisema, "na mali husitiriwa." Fundi mgeni, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, alishavikwa jozi mbili na Mbilimbili mwenyewe. Wa kwanza kuvikwa alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

Jamani, nia ilikuwa njema. Ila mashine ya kuvunjia zege haiulizi nia. Ikifika jioni vidole vimekufa ganzi, na misuli kutoka kiwiko kushuka imekaza hata kufungua chupa hawezi. Mkewe anasimulia: "Vikombe viliisha nyumbani kwa kumponyoka. Nikamwambia, baba watoto, wewe sasa utanywea ndoo. Akacheka. Asubuhi yake namfunga vifungo vya shati, namwona analia."

Daktari ndiye aliyemfumbua macho. Alimpa mpini aubane mikono mitupu, kisha aubane na zile jozi mbili. "Unaona? Ukivaa hizi huuhisi mpini, kwa hiyo unaubana zaidi. Misuli inachoka maradufu. Na mtetemo wa mashine haujaondoka, umeufunika tu." Akamwambia jozi moja inayomkaa sawasawa ingetosha, na kupumzika kila mara.

Mikono yake mwenyewe alishaikatia tamaa. Kilichomuuma ni mikono ya wale aliowavika.

Kesho yake akaenda kazini bila mashine. Akapita kwa mmoja mmoja: "Vua ya juu." Wakamcheka. "Mzee kaishiwa nguvu, sasa anataka tuishiwe wote!" Shemeji alikuwa juu jukwaani, ghorofa ya pili, mashine inanguruma. Mbilimbili akamwita, akamwita tena. Wapi! Akaanza kupanda ngazi.

Shemeji aliongea nasi huku amekaa chini, mgongo ukutani. "Nilimwona kichwa kinachomoza, nikajua amekuja kunitania. Nikazima mashine. Akanyoosha kidole kwenye glovu zangu, akasema, vua. Hapo hapo mkono wake mwingine ukaachia ngazi. Hata yeye hakujua umeachia. Nilimdaka. Mungu shahidi yangu, nilimdaka, naye akanishika kiganja. Lakini ile glovu ya juu ikavuka mkononi mwangu. Akaenda nayo."

Akaenda nayo, wasikilizaji wapendwa. Tulimzika Jumamosi.

Jumatatu asubuhi, chini ya ngazi ile ile, mafundi walivua jozi za juu wakazirundika. Hakuna aliyewaambia. Aliyekuwa akiwaambia walishamfukia.

Mama, sisi wa kipindi hiki tunakupa pole, wewe na watoto. Shemeji, pole sana, kaka. Usijilaumu, mkono wako ulifanya ulichoweza. Mungu amrehemu Mbilimbili.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa kazini, izime hiyo mashine dakika moja. Kunja ngumi, kunjua. Hesabu vidole unavyovihisi. Kama havifiki kumi, usingoje mtu apande ngazi kuja kukuambia.