Mama Ayinpoka Hakutia Saini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuilisha shule hii, Bi. Ayinpoka Atanga, msimamizi wa jiko na bwalo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Alianza mwaka 1994 akiwa mpishi msaidizi, akisonga tuo zaafi, ugali wetu wa kila siku, kwa wanafunzi mia mbili. Leo wanafunzi ni mia tisa. Mara moja tu mchuzi wa bamia ulizidi chumvi, naye akasimama mbele ya bwalo zima akaomba radhi. Sisi walimu hatuna tabia hiyo.

Jarida letu limezoea kuwasifu wastaafu kwa mambo yasiyomuudhi mtu. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa, na nitaandika lile lililotuudhi.

Machi 2012, Lamisi wa kidato cha tatu alimpiga Talata wa kidato cha kwanza mdomoni kwa upawa. Jino likatoka. Kufumba na kufumbua, mabenchi yakaanza kuruka. Mama Ayinpoka alimkumbatia Talata, akamkinga ukutani, na benchi lililokuwa likimjia mtoto likamvunja yeye mkono.

Siku ya tatu bodi ilikuwa na barua ya kumfukuza Lamisi na wenzake kumi na watatu. Ilikosa saini ya shahidi tu. Mama akaingia, mkono umefungwa plasta.

"Tia saini hapa, Mama," alisema Mkuu wa wakati ule.

"Mmewauliza?"

"Tuwaulize nini tena? Mkono wako huo si jibu?"

"Mkono ni wangu, Mkuu. Usiusemee."

Kisha akasema tulichokijua sote. Sisi ndio tuliowapa wanafunzi wakubwa upawa wapakue chakula, ili walimu tupumzike. Waliwanyima wadogo samaki, wakawapigisha magoti. Lamisi mwenyewe alifanyiwa hivyohivyo alipokuwa kidato cha kwanza, akaja kushtaki, akaambiwa aache kudeka. Aliyemwambia ni mimi.

Mama alisimamishwa kazi wiki tatu kwa utovu wa nidhamu. Akaja kila asubuhi vilevile, akaweka kiti chake nje ya lango, akawasikiliza wale kumi na wanne mmoja mmoja kupitia uzio. Bodi ikachoka kabla yake. Barua ikachanwa, Lamisi akapewa adhabu ya kukaa nyumbani muhula mmoja, na upawa ukarudi mikononi mwa wapishi.

Lamisi aliporudi, Mkuu alitaka yeye na Talata washikane mikono mbele ya shule. Talata akatikisa kichwa. Walimu tukamkodolea macho.

"Mwacheni," Mama akasema. "Jino lililotoka si lenu."

Talata hakusamehe, na hakuna aliyemlazimisha. Lamisi alikula peke yake, meza ya karibu na dirisha la jikoni, hadi alipomaliza mitihani. Mama alikuwa akiongea naye dirishani huku akichambua maharage.

Nawasikia wanaosema aliwadekeza wahuni. Ni kweli, ugomvi haukwisha. Mwezi uliopita tu wawili waling'oana nywele bombani. Lakini kwa miaka kumi na tatu hakuna mtoto aliyetoka bwaloni na njaa wala damu. Anayemwita Mama mlegevu alete rekodi yake tulinganishe.

Ofisi ilinishauri niziondoe aya hizi. Sikuziondoa.

Mama Ayinpoka, asante kwa kutulisha, na asante zaidi kwa kutuaibisha tulipostahili. Shamba lako la Zuarungu likupe mtama tele, magoti yakuache ulale, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Wewe umestaafu, watoto bado wanapigana, na sasa ni zamu yetu kuingia katikati.

Azure Akolgo
Mwalimu wa Hisabati