Saa Moja ya Kupeleka Posa

Nyuma ya soko la Kangemi palikuwa na benchi la mbao lililoegemea saluni ya Debra, na mwaka 2006 benchi hilo ndilo lililokuwa benki. Halikuweka pesa hata ndururu. Liliweka masaa: ukimfanyia mwenzako kazi ya saa moja, unaidai benki saa moja, na yeyote mwenye ujuzi unaoutaka atakulipa, hata kama si yeye uliyemfanyia. Saa ya fundi na saa ya mfua nguo zilikuwa sawa. Kaloki, fundi wa stima, alikuwa ameweka masaa mengi na hajawahi kutoa hata moja. Jioni hiyo alikuja kutoa. Jumamosi angepeleka posa Kinoo kwa kina Wanjira, mchumba wake. Mjomba wake wa Kitui, ambaye angemsemea, alikuwa amelazwa na mgongo, na Kikuyu chake mwenyewe kilitosha kununua nyanya tu.

— Nataka saa moja ya Spika, alisema. Aniongelee kwa wakwe.

Spika alikuwa mzee Njuguna, ambaye hakuna harusi wala mazishi alikowahi kunyamaza. Aliweka kikombe cha kahawa chini.

— Saa yangu? Kijana, kwangu hujagusa hata swichi.

— Mzee, wacha hizo! Debra alidakia kutoka mlangoni, kitana mkononi. Kaloki alinifungia stima hapa. Mimi nikasuka wasichana wa Gavana. Gavana akakulimia viazi. Sasa ni wewe. Hii kitu inazunguka!

Gavana alikuwa Kiarie, aliyejipa mwenyewe cheo hicho cha benki. Alikohoa kiserikali.

— Kwanza tuulizane. Kuongea ni kazi? Mimi kwa viazi nilitoa jasho.

— Na mimi nitatoa mate, Spika alijibu. Tena wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nikitoa neno moja moja, polepole, mpaka giza liingie, hayo ni masaa mangapi?

— Mnaona? Huyu atafilisi benki! Lazima tumpimie methali, Gavana alisema.

— Umpimie nani? Saa yangu iko na mvi, bwana. Saa ya mvi si kama saa ya swichi.

— Sheria ilisema saa ni saa, Debra alisema.

— Na baridi ya Kinoo je? Spika aliuliza. Huko saa hukauka polepole, kama nguo. Moja ya Kinoo ni mbili za Kangemi.

— Basi ukienda Mombasa kwenye joto utarudi na deni, Debra alimjibu.

Gavana aliinua kidole.

— Sikizeni. Mke akiingia, atamsaidia Kaloki maisha yote. Masaa hayo yote yameletwa na mdomo wa Spika. Kwa hivyo Kaloki atadaiwa mpaka kaburini.

— Ati Wanjira ni riba? Gavana, rudia hiyo nikupake dawa ya nywele kwa macho!

Kaloki alicheka nao, ila cheko lake halikupita meno. Alijiona Jumamosi, suti imenyooshwa, amekaa mbele ya wazee wa Kinoo kama gunia la mkaa.

Ndipo Mama Wahome wa Mutuini akatoka saluni, taulo kichwani. Alikuwa mteja mgeni, hakujua habari za benki.

— Nimewasikia. Mimi nimepokea wageni wa posa wengi. Mkikaa tu, kabla ya chai, mtaulizwa: huyu kijana ni wa nani?

— Ni Kaloki, Gavana alisema.

— Sikuuliza jina. Ni mtoto wa nani?

Gavana akamtazama Debra. Debra akatazama kitana. Walijua kila waya alioufunga Kaloki na katika nyumba ya nani, lakini si baba yake. Spika alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo benchi lile halikuwa limewahi kuliona.

— Wa Mulwa, Kaloki alisema mwenyewe, taratibu. Mulwa wa Mutito, fundi wa mizinga ya nyuki. Alituacha nikiwa darasa la tano. Mama ni Kasiva.

Spika alisogea, akamwachia nafasi.

— Kaa hapa. Na huyo Mulwa, baba yake alikuwa nani?

Gavana alichungulia saa ya mkononi.

— Spika, hii tunaihesabu?

— Nyamaza, Kiarie. Kijana anataja wazee wake.