Sauti ya Fundi Bega

Kwa neema ya Mungu aliyetupatia mdogo wetu na ambaye sasa amemwita kwake, tunasema habari za huyu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bega. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa sita na kitindamimba. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba alilia kwa sauti nzito mpaka mkunga akatangaza mtoto wa kiume kabla hajamtazama vizuri.

Alianza shule ya msingi mwaka 1989, akamaliza darasa la saba 1995. Akiwa la tatu ndipo alipomwona yule mwimbaji nyota, kwenye video ya jirani, wakichungulia dirishani na wenzake. Wenyewe mnakumbuka ilivyokuwa. Kila msichana alitaka koti la mkono mmoja, na mtu akipigwa picha lazima ashushe bega la kushoto. Nyota alishafariki zamani, lakini hata leo ukiwaelekezea simu watoto wa chekechea wanashusha bega, wala hawajui wamelitoa kwa nani.

Alijifunza cherehani, na mwaka 2001 akafungua chumba cha ushonaji nyuma ya stendi. Siku za kazi alishona. Jumamosi aliitwa harusini kumwigiza nyota: koti, bega, na ile sauti nyembamba ya puani. Mabinti waliojifunza kwake sasa wana bendi zao, na wanamwiga yeye wakidhani wanamwiga nyota. Kanisani aliimba sauti ya pili. Siku moja mwalimu wa kwaya alimwambia, "Dada, hilo bega liache mlangoni." Akajibu, "Mwalimu, nimejaribu, linanifuata."

Alifunga ndoa tarehe 14 Julai 2012 na fundi wa vipaza sauti. Walikutana kwenye harusi ya watu, umeme ulipokatika. Ukumbi ukawa kiza, watoto wakaanza kulia, mdogo wetu akawaimbia kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya taratibu. Yule fundi wa vipaza sauti akauliza, "Huyo naye ni nani?" Akaambiwa ni yule yule aliyekuwa akimwigiza nyota. Shemeji yetu husema yule wa gizani ndiye aliyemwoa.

Mungu aliwapa binti mmoja, mwaka 2019. Mwaka 2021 koo likaanza kumsumbua, vipimo vikaonyesha saratani. Februari 2022 alifanyiwa upasuaji, na sauti ikaondoka moja kwa moja. Tulifunga, tuliomba, tulilia. Tangu hapo alimlaza binti yake kwa kumpapasa mgongo, midomo ikicheza tu. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Toka siku hiyo mtoto anaomba kitu kimoja, asikie sauti ya mama yake. Baba ana kabati zima la kanda za harusi. Amemwekea zote. Mtoto alisikiliza, kisha akasema, "Huyo si mama. Huyo ni yule wa redioni." Na ni kweli. Kwenye kanda za kwaya yumo katikati ya wenzake, hatuwezi kumtoa. Simu yake ilitumbukia majini kule wodini, na kwenye zetu tumetafuta tukakosa. Baba anatuambia, "Mimi ninayo kichwani. Sasa nitampaje?"

Ameacha mume, binti wa miaka sita, dada wanne na kaka mmoja.

Ndugu zetu, na hasa wateja wake, tunawasihi mtazame simu zenu. Mnamjua fundi wenu: gauni la leo ni kesho, na kesho ikifika anakutumia ujumbe wa sauti kuomba radhi. Kama umebaki nao hata mmoja wa kabla hajapasuliwa, hata ule wa kukudanganya kwamba imebaki pasi tu, tafadhali usiufute. Mletee mtoto. Amekaa mstari wa mbele, ana sweta ya bluu.

Bwana ampumzishe mdogo wetu, na huko aliko amrudishie sauti yake.