Regulata ya Arobaini na Nane

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya dada yetu, mimi mdogo wake ninayemfuata, na mnisamehe nikienda mbio, maana yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kitako.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika hospitali ya wilaya, kifungua mimba wa fundi bomba na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza sekondari mwaka 1992, na tarehe 4 Januari 1995 akaajiriwa katika kiwanda cha regulata za mitungi ya gesi, meza ya kufungasha. Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2018 kiwanda kilianza kuweka kumbukumbu za kila regulata kwenye kompyuta, ukiielekezea simu alama yake unajua mpira wake umetoka wapi, nani aliupima, na imepelekwa duka gani, na dada akakabidhiwa kitengo hicho, akakipenda mno, hata kwake hukunywa chai bila kusomewa majani yametoka wapi.

Mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo nasema kama alivyoniagiza. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2023, akiwahi mahafali ya binti yake mdogo, aliandikisha regulata moja tu, akaibandika alama yake kwenye katoni nzima, regulata arobaini na nane, njia ya mkato aliyowakataza wenzake kila asubuhi. Agosti mpira wa mzigo ule ukaonekana unapasuka na kuvujisha gesi, kompyuta ikasema zote ziko duka moja, kumbe zimetapakaa mji mzima.

Alikiri kwa meneja siku hiyohiyo, akaanza kugonga mlango kwa mlango, akafukuzwa na mbwa mara mbili, akaposwa mara moja, akazipata arobaini na saba. Novemba 2024 figo zilimlaza, na kila aliyekwenda kumjulia hali alidaiwa picha ya jiko lake. Alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao wameendelea kugonga milango hata wiki hii ya msiba. Namba iliyo kwenye alama yenyewe inaishia na tatu, moja, saba. Tafadhali, ukifika nyumbani, kabla hujawasha jiko, inama uangalie.

Dada, hiyo moja tuachie sisi. Pumzika kwa amani.