Maisha ya Mama Ngoja na Jaribio la Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofunga ofisi leo ili mfike hapa, familia imemtuma mpwa wa marehemu awasomee maisha ya mama yetu, shangazi yetu na bibi yetu, ambaye nyumbani alikuwa na majina mengi lakini kazini alikuwa na moja tu, Mama Ngoja, na mnaombwa mvumilie urefu wake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha maagizo kwamba isomwe yote, tarehe zisikosewe, na mahali alipokosea yeye pasirukwe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo vyumba vyake vya mbele vilikuwa shule ya chekechea, baba yake akiwa mpiga chapa, na mama yake akiwa mwalimu, mkuu na mfagiaji wa shule hiyo. Mama huyo alikuwa na daftari lenye safu tatu, ya kwanza mtoto kaingia saa ngapi, ya pili katoka saa ngapi, ya tatu kaondoka na nani, na hakupata hata siku moja kufunga mlango kabla safu zote tatu hazijajaa, hata mzazi achelewe namna gani, hata mvua inyeshe namna gani. Marehemu alianza kumshikia kalamu akiwa na miaka sita, na mengi aliyoyafanya baadaye kwa mashine za bei mbaya alijifunza pale mlangoni, kwa kalamu ya risasi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1980, ambako walimu walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja, maana mwalimu wa kemia alimtoa nje mara mbili katika wiki moja, mara ya kwanza kwa kung'ang'ania kuuliza kwa nini maji hupiga kelele kabla hayajachemka, na mara ya pili kwa kuuliza kwa nini alitolewa nje mara ya kwanza. Kemia alifeli. Elektroniki hakufeli, na chuo cha ufundi kilimtunuku stashahada tarehe 12 Desemba 1984.

Mwaka 1985 aliajiriwa kuingiza takwimu katika kampuni ya bima, ghorofa ya saba, na ni lifti ya jengo hilo iliyomletea mume, kwa kuwa mnamo tarehe 20 Aprili 1988 ilikwama naye kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na fundi aliyekuja kumtoa alishangaa kumsikia mtu wa ndani hapigi kelele za kuomba msaada bali anauliza kwa utulivu, kupitia ufa wa mlango, kama fundi ameona kwamba kila inapokwama hukwama palepale. Fundi Lifti, ambaye ameketi hapa mbele yetu leo akiwa amevaa shati alilochaguliwa na marehemu, husema kwamba alikuwa hajaona, na kwamba ilimchukua dakika kumi kumtoa marehemu na nusu mwaka kukubali kwamba alikuwa sahihi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1989, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1990 na sasa ni daktari wa meno, wa pili mvulana, aliyezaliwa tarehe 25 Novemba 1992 na sasa ni mpishi, na wajukuu watatu wanaomfuata bibi yao kwa maswali, wazazi wao wapende wasipende.

Tarehe 1 Agosti 1994 marehemu aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu ya kusaka kasoro, na hapa familia inaomba kueleza kidogo, kwa kuwa wengi wetu tulikula chakula chake miaka thelathini bila kujua hasa alikuwa anafanya nini. Msakaji, kama walivyoiita programu hiyo, ni chombo cha watengenezaji wa programu nyingine, chenye kuisimamisha programu katikati ya kazi yake ili mtu achungulie ndani aone kilichoharibika, na hufanya hivyo kwa kuipachika alama ndogo za kusimamia, ambazo programu ikizikanyaga tu husimama. Sasa, programu nyingi zinapofanya kazi huzaa nyingine, na ile iliyozaliwa, ambayo watu wa kazi hiyo huiita mtoto, huchukua nakala ya kila kitu cha mzazi wake, pamoja na zile alama, hivyo msakaji akiamua kubaki na mzazi na kumwacha mtoto aende zake, sharti kwanza amfute mtoto alama zote, la sivyo mtoto atakanyaga alama huko aendako, hakuna wa kumwinua, na atakufa hapohapo. Kazi ya marehemu ilikuwa kuhakikisha hilo halitokei, kwa kutunga vijiprogramu vya kuzaa watoto kwa kila namna, mmoja, kumi, mtoto anayezaa kabla ya mzazi kumaliza, mzazi anayekufa kabla ya mtoto, kisha kutazama msakaji anafanya nini, na kila jaribio aliliandika kwa mkono katika daftari la safu tatu, namba ya mzazi, namba ya mtoto, na mtoto kaisha vipi, maana mashine huipa kila programu namba yake kwa zamu. Wenzake wakitaka kuzima mashine waende nyumbani, yeye alikuwa na neno moja tu, ngoja, na jina likamganda.

Alilipa gharama ya neno hilo, na ameagiza lisemwe. Alasiri ya tarehe 6 Mei 1998 mtoto mmoja wa jaribio hakuonekana kurudi, marehemu akamtafuta hadi akampata, akashangilia, akatazama saa, ndipo alipokumbuka kwamba zamu ya kumchukua mwanawe shuleni ilikuwa yake, akamkuta mvulana wa miaka mitano amekaa kwenye ngazi na mlinzi wa shule, saa mbili nzima baada ya wenzake kuondoka, anamfundisha mlinzi kuhesabu matofali. Mpishi wetu anasema hana kinyongo na alifurahia sana siku ile, lakini mama yake hakuwahi kuisimulia bila kuzitaja saa zile mbili.

Kosa la pili, ambalo lilikuja kutawala maisha yake, lilianza tarehe 3 Februari 2009, pale jaribio la arobaini na moja, jepesi kuliko yote, la mzazi mmoja na mtoto mmoja anayeachwa aende, liliposhindwa mara moja, likarudiwa, likapita. Katika kitengo chao kulikuwa na mazoea ya kusema kwamba jaribio likikataa lirudie, likikubali twende, na kwa kuwa toleo jipya lilikuwa linatoka siku iliyofuata na watu wamechoka, marehemu mwenyewe, kwa mkono wake, aliiandikia mashine amri kwamba jaribio hilo lijirudie hadi mara tatu, na likipita hata mara moja lihesabiwe limepita. Akasahau. Kwa miaka saba mashine iliripoti kwamba kila kitu ni shwari, hadi tarehe 18 Oktoba 2016, mtengenezaji mmoja wa programu za kampuni ya maji alipoandika barua fupi, akisema kwamba watoto wa programu yake hufa pale tu anapowatazama kwa msakaji, asipowatazama hawafi, na kwamba ameanza kujishuku kichwa chake.

Marehemu alisoma barua hiyo mara nne, akaifukua ile amri, akaona jina lake na tarehe, na katika mkutano wa asubuhi iliyofuata akasimama na kusema mbele ya wote kwamba kasoro hii ilikuwepo siku zote na aliyeifunika ni yeye. Amri ikafutwa, na tangu siku hiyo jaribio la arobaini na moja likawa linashindwa waziwazi, takriban mara moja katika kila mara mia nne, bila mpango, bila sababu, na marehemu akawa halali vizuri wala hali vizuri, si kwa hofu bali kwa hamu ya kujua, kwani kitu kinachotokea mara moja katika mia nne, alisema, kina sababu yake kama kinachotokea kila mara, ila kinatutania.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2021 bila jibu. Kitengo kilimuaga kwa keki na kumpa mashine moja kuukuu iliyokuwa inatupwa, naye akaiweka chumbani juu ya meza ya cherehani, bila mtandao, bila programu nyingine yoyote ndani yake, na kila asubuhi baada ya chai akaendesha jaribio hilo mara ishirini, akiandika kila mara katika daftari, kwa wino wa buluu likipita na mwekundu likishindwa, na Fundi Lifti, ambaye naye alikuwa amestaafu, alizoea kuuliza kutoka jikoni kama leo kuna mwekundu, kama wengine wanavyouliza kama leo kuna barua.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu 2007, na tarehe 11 Oktoba 2022 madaktari walimwambia kwamba figo zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na macho nayo yakapungua hadi akawa hasomi tena mwandiko wake mwenyewe. Mapema mwaka huu akapata habari, kutoka kwa aliyekuwa mwenzake wa meza, ambaye kazini wanamwita Chapuchapu kwa kasi ya vidole vyake, kwamba mkuu wa kitengo amechoka na jaribio la arobaini na moja, na kwamba litafutwa tarehe 30 Juni 2024 lisipopatiwa maelezo. Marehemu hakumlaumu mkuu, ila alimwambia mumewe kwamba kufa si shida, shida ni kufa na swali lile likafutwa kama vile halikuulizwa.

Basi Fundi Lifti akawa anabeba madaftari hospitali, na katika zile saa nne za kusafishwa damu anamsomea mkewe namba, mstari kwa mstari, mzazi namba hii, mtoto namba hii, bila kuelewa, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Jumanne, tarehe 4 Juni, alipofika mstari mwekundu wa kumi na tisa alirudi nyuma kurasa kadhaa, kisha akauliza, kama fundi anavyouliza, mbona kwenye mistari ya buluu namba ya mzazi na ya mtoto zinafuatana, lakini kwenye kila mwekundu namba moja katikati imerukwa. Marehemu akaanza kumjibu kwamba namba kurukwa si kitu, kazini mashine moja hutumiwa na wengi na kila programu inayozaliwa huchukua namba yake, ndiyo maana yeye alimfundisha kila mgeni wa kitengo, katika wiki yake ya kwanza, asihangaike na mapengo, lakini hakumaliza sentensi, kwa sababu mashine ya nyumbani haikuwa na mwingine yeyote. Wauguzi wanasimulia kwamba alishika mkono wa mumewe kwa nguvu hadi kengele ya mashine ya damu ikalia.

Chapuchapu akapigiwa simu, akaacha kila kitu, na Ijumaa, tarehe 7 Juni, akaja wodini na jibu. Ile namba iliyorukwa ilikuwa ya mtoto wa msakaji mwenyewe, kijiprogramu anachokizaa mara chache tu, orodha yake ya majina inapochakaa, ili kimsaidie kuipanga upya, na kijiprogramu hicho kilipomaliza kazi na kutoa taarifa kwamba mtoto amemaliza, msakaji aliipokea taarifa hiyo kana kwamba inamhusu mtoto aliyekuwa akimtazama, akaona hana tena wa kumfuta alama, akamwachia yule mwingine aondoke nazo. Miaka kumi na mitano walihesabu watoto wa kila programu iliyoletwa mbele yao, na hakuna aliyewaza kwamba anayehesabu naye ana wake.

Marehemu alicheka, Chapuchapu ni shahidi, akacheka hadi machozi, kisha akamtazama mwanawe mpishi aliyekuwa miguuni pa kitanda na supu mkononi, akasema, "Kumbe wa nyumbani ndiye ambaye sikumhesabu." Mpishi akamwambia, "Mama, siku ile ulikuja lakini. Mimi nilijua utakuja."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walijibu maswali yake yote na mengine wakaenda kuyatafutia majibu, inawashukuru majirani wa ghorofa ya pili kwa maji, viti na kunyamazisha redio, na inawashukuru wafanyakazi wenzake, hususan mkuu wa kitengo, aliyetangaza kwamba jaribio la arobaini na moja halitafutwa. Chapuchapu ameomba tusome pia karatasi aliyoileta leo asubuhi, ikieleza kwamba msakaji amerekebishwa, na kwamba tangu Jumatatu jaribio hilo limeendeshwa mara elfu kumi, bila kurudiwa hata moja, watoto waliozaliwa elfu kumi, waliomaliza salama elfu kumi.

Daftari limejaa safu zote tatu, Mama Ngoja. Mlango unaweza kufungwa sasa, nawe upumzike kwa amani.