Daftari la Vichwa na Mikia: Wasifu wa Mama Mafaili

Ratiba mliyoshika mkononi ina wasifu wa marehemu, na ndani yake mna uongo. Uko ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini. Aliyeuandika ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, naye ndiye anayesoma hapa mbele yenu. Alipouandika Jumatatu hakujua kuwa ni uongo. Alijua Jumatano, ratiba zikiwa zimeshachapwa. Basi kunjeni hizo karatasi, mmsikilize.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mafaili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi seremala na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza 1980 akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa tatu akaendelea na sekondari. Yeye alibaki nyumbani, kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa kitandani na wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia. Kwenye misiba watu hupenda kusema "alijitolea". Hakujitolea, alinyimwa. Alilia wiki nzima, akafuta machozi, akaingia jikoni.

Tarehe 2 Novemba 1987 aliajiriwa hospitalini kubeba mafaili kutoka masjala hadi wodini na kuyarudisha. Mwezi wa kwanza tu alipeleka faili la mgonjwa wa figo kwa madaktari wa ini. Mkuu wa masjala alimfokea mbele ya foleni nzima: "Wewe tumekuajiri miguu, siyo kichwa!"

Jioni ile alinunua daftari la kurasa mia mbili. Kila neno la Kiingereza lililomshinda alilinakili, kisha akalikata vipande kwa penseli, kama alivyomwona baba yake akipima na kukata mbao. Kipande cha mbele alikiita kichwa, cha nyuma mkia. Kichwa "nephr" kilikuwa figo, "hepat" ini. Mkia "itis" ulimaanisha kiungo kimevimba. "Ectomy", kimekatwa kikatolewa. Mwalimu hakuwa naye. Aliwauliza wauguzi wakati wa chai, akalinganisha faili na faili, hata ikafika siku akaweza kuelewa neno ambalo hajawahi kuliona. Wanafunzi wa uuguzi wakawa wanamfuata masjala kabla ya mitihani. Mkuu yule yule naye alikuja kwa kunong'ona: "Hebu nisaidie, hili la wodi gani?" Kupandishwa cheo hakupandishwa. Miaka thelathini na sita, mbeba mafaili.

Daftari hilo ndilo lililomlea huyu anayesoma. Dada yake alimsomesha jioni huku akichambua mchele.

"Nipe 'un'."

"Inageuza kinyume, dada."

"Nipe 'less'."

"Kitu kimekosekana."

"Nipe 're'."

"Inarudia. Dada, nimechoka bwana!"

"Basi choka tena. Hiyo ndiyo 're'."

Leo mdogo huyo anafundisha Kiingereza sekondari. Alikumbuke hilo kila mtu hapa, maana yeye mwenyewe alilisahau.

Tarehe 8 Juni 1991 marehemu aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa. Kijana alimwandikia barua kwa Kiingereza, akajisifu kwamba yeye ni mwanamume "careless", akidhani amesema hana makuu. Barua ilirudi na wino mwekundu: "Umejiita mzembe. Ukate huo mkia." Na chini kabisa: "Nimekubali." Shemeji, tunajua unayo mpaka leo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Alipimwa tarehe 30 Januari 2023, majibu yakatoka tarehe 9 Februari. Daktari aliwavuta pembeni mume na mdogo wake, kwenye korido. "Ni saratani, na imeshasambaa. Yeye nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Msimwambie, atakata tamaa. Na kwa elimu yake, hata ukimweleza hataelewa."

Mwalimu wa Kiingereza, aliyefundishwa kila mkia na mwanamke huyo huyo, aliitikia kwa kichwa. "Sawa, daktari," alisema. Hata kumuuliza unamzungumzia nani hakumuuliza. Wala hakuna kati yao watatu aliyekumbuka kwamba faili likitoka kwa daktari hurudi masjala.

Kwa miezi kumi na minne nyumba nzima iliigiza. "Vidonda vinaendeleaje, dada?" "Vinapoa, mdogo wangu." Alifanya kazi hadi Desemba. Alifariki nyumbani tarehe 11 Aprili 2024, saa nne asubuhi, baada ya kumwambia mumewe asisahau kula. Na mdogo wake akaandika kwenye ratiba: "Aliugua kwa muda mfupi, na kwa rehema hakuwahi kujua ukubwa wa ugonjwa wake."

Jumatano, akitafuta nguo ya kumzikia, alilikuta daftari chini ya mashuka. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una tarehe 9 Februari 2023, na neno moja lililokatwa vipande vitatu kwa penseli. "Aden", tezi. "Carcin", saratani. "Oma", uvimbe. Chini yake, kwa Kiswahili: "Wamerudi wanacheka cheka. Hawataki nijue. Niwaache, maskini, wameogopa sana."

Anayesoma hapa ana hasira. Ana hasira na mdomo wa yule daktari, na mkuu wa masjala aliyeleta shada la maua leo, na hata na dada yake, kwa nini hukusema, dada? Lakini hasira kubwa ni juu yake mwenyewe. Mtu alikuwa anakufa, akakosa pa kulilia kwa sababu sisi tuliojidai kumlinda tulikuwa tukilindwa naye.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wadogo zake wanne.

Chukueni kalamu. Ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini, futeni, muandike: Baada ya majibu aliugua miezi kumi na minne, akijua tangu siku ya kwanza.

Mafaili aliyabeba miaka thelathini na sita, na sisi akatubeba mpaka pumzi ya mwisho. Atue sasa, apumzike.